Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Milango ya Wasomaji Mtandaoni

Kila mwenye blogu ana ugonjwa mmoja ambao hapendi kuusema hadharani. Asubuhi, kabla hata hajanywa chai, anafungua ukurasa wa takwimu kuangalia jana walikuja wangapi. Idadi ikipanda, chai inakuwa tamu. Ikishuka, anaanza kujiuliza: makala ilikuwa mbovu? Kichwa hakikuvutia? Au watu tu walikuwa wanaangalia mpira?

Na mimi naumwa ugonjwa huo. Ila miaka ya karibuni nimeacha kukodolea macho idadi, naangalia safu iliyo pembeni yake, ile inayoonyesha wageni wametokea wapi. Huyu katoka Google. Huyu katoka Facebook. Huyu kafuata kiungo kwenye blogu ya mtu nisiyemjua. Hawa wengine wameandikwa "moja kwa moja", yaani mashine imeshindwa kujua walikotoka. Ukiwahi kulala gesti unalijua daftari lile la mapokezi: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi. Wengi tunalijaza haraka haraka tukitaka kwenda kulala. Lakini mwenye gesti akilisoma vizuri anajua kama biashara yake itafika mwakani. Akikuta wageni wote wanaletwa na basi moja, ana kila sababu ya kukosa usingizi, maana siku basi hilo likibadilisha njia, yeye anafunga.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Historia ya tovuti na blogu, tangu zilipoanza hadi leo, imepita katikati ya methali hizo mbili. Kila zama ilikuwa na mlango wake mkubwa wa kuleta wasomaji. Kila mara walijitokeza watu walioziba milango mingine yote wakabaki na huo mmoja, na mara nyingi mlango huo ulifungwa na mtu ambaye hata hakuwa anawafahamu. Hebu tuupitie mlango baada ya mlango. Sisi tunaopenda fasihi tuna sababu zaidi ya kuijua historia hii, kwa sababu mlango anaopitia msomaji hubadilisha hata namna mwandishi anavyoandika.

Walipotumwa na watu

Mwanzoni hakukuwa na njia ya kutafuta. Agosti 1991 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, ile maabara ya utafiti wa nyuklia karibu na Geneva, aliutangazia umma mradi wake wa kurasa zinazounganishwa kwa viungo. Kurasa zilikuwa chache kiasi kwamba orodha ya seva zote ilitunzwa kwa mkono. Ukifungua tovuti yako, unapeleka taarifa, unaorodheshwa. Mwaka 1993 watu wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, waliotengeneza kivinjari cha Mosaic, walikuwa na ukurasa wa mambo mapya. Wapenzi wa mtandao waliusoma kama sisi tunavyosoma magazeti kwenye meza ya muuzaji: nini kipya leo?

Januari 1994 mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, anayeitwa Justin Hall, alianza kuweka mtandaoni orodha ya kurasa zilizomfurahisha, huku akiandika na mambo yake mwenyewe. Wengi humhesabu kuwa miongoni mwa wanablogu wa kwanza kabisa. Ukitazama vizuri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuelekeza. Alikuwa anasema: nimepita huku, nimeona kitu, nendeni nanyi mkaone. Watu wakaja kwake kwa sababu alijua kuwapeleka kwingine.

Mwaka huo huo, wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza orodha yao iliyopangwa kwa mada. Ndiyo iliyokuja kuitwa Yahoo. Yahoo iliajiri watu wa kusoma tovuti na kuzipanga, kama mkutubi anavyopanga vitabu rafuni. Ukitaka wasomaji, unatuma anwani yako, unasubiri mhariri apite. Foleni ilikuwa ndefu, na baadaye tovuti za biashara zikatakiwa kulipa dola 299 ili tu mhariri aziangalie, bila ahadi kwamba zitakubaliwa. Mlango ulikuwa umeanza kuwekwa kofuli.

Waliokosa nafasi kwenye orodha kubwa wakabuni njia yao. Mwaka 1995 kijana mmoja wa Marekani, Sage Weil, alitengeneza programu ya kuunganisha tovuti kwa mduara. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na sehemu ya kubonyeza: inayofuata, iliyopita, yoyote. Ukiwa unasoma ukurasa wa mpenzi wa riwaya za kale, ukibonyeza "inayofuata" unatua kwa mpenzi mwingine wa riwaya za kale. Ukiendelea kubonyeza, mwisho unarudi ulikoanzia. Utaratibu huo uliitwa WebRing. Ni mchezo wa kupeana kabisa, ule wa akina mama wa mtaani: leo zamu yako, kesho yangu, na hakuna anayekosa ilimradi kila mmoja anatoa.

Kilichoufikisha mwisho mchezo huo kitajirudia katika habari hii. Mwaka 1999 WebRing ikaishia mikononi mwa Yahoo, baada ya Yahoo kuinunua kampuni ya GeoCities iliyokuwa inaimiliki. Mwaka 2000 Yahoo ikabadilisha mfumo kwa namna iliyowaudhi waliokuwa wakiiendesha miduara, wengi wakaondoka. Mwaka 2001 ikaachana nao. GeoCities yenyewe, iliyokuwa makazi ya kurasa za watu wa kawaida kwa mamilioni, ilifungwa Oktoba 2009.

Mashine inashika usukani

Wakati orodha za watu zikizidiwa na wingi wa kurasa, mashine za kutafuta zilikuwa zinakua. AltaVista ilifunguliwa Desemba 1995, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kutafuta neno lolote ndani ya mamilioni ya kurasa na kupata jibu papo hapo. Lakini mashine hizo za mwanzo zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Wajanja wakaigundua siri: ukirudia neno mara mia, utapanda juu. Wengine waliandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, msomaji asiyaone lakini mashine iyaone. Hapo ndipo ulipoanza uandishi wa ajabu, uandishi unaolenga kusomwa na mashine kabla ya mtu.

Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, walikuja na wazo lililotoka moja kwa moja kwenye maktaba. Katika uandishi wa kitaaluma, kazi inayorejelewa na wengi huonekana ina uzito, na ikirejelewa na mtu mwenye uzito, inapata uzito zaidi. Basi, walisema, tuhesabu viungo kama marejeo. Ukurasa unaotajwa na kurasa zenye heshima ni kama mtu anayesifiwa na wazee wa mji, sifa hizo hazilingani na za mpita njia. Kampuni yao, Google, iliandikishwa Septemba 1998.

Tukumbuke kwamba nguvu ya Google ilitokana na wema wa watu. Kila kiungo kilichohesabiwa kilikuwa kimewekwa na mtu aliyependa kitu akataka wengine wakione. Mashine ilivuna kazi ya akina Justin Hall. Ila mara watu walipojua kwamba kiungo kina thamani, viungo vikaanza kuuzwa. Vikazuka vijiji vya uongo vya tovuti zinazotajana zenyewe kwa zenyewe. Sehemu za maoni kwenye blogu zikajaa matangazo ya dawa na kamari, hadi Januari 2005 Google na kampuni za blogu zikakubaliana alama ya kuiambia mashine isikihesabu kiungo fulani.

Google nayo ikawa inabadilisha kanuni zake za kupanga matokeo ili kuwakwepa wajanja. Badiliko la Novemba 2003, ambalo watu wa fani hiyo waliliita Florida, lilikuja wiki chache kabla ya Krismasi. Wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni waliolala wakiwa ukurasa wa kwanza waliamka hawaonekani kabisa, na ule ndio ulikuwa msimu wao wa kuuza. Baadhi yao walikuwa wajanja kweli, lakini wengine hawakujua hata wamekosa nini. Hakukuwa na ofisi ya kwenda kulalamika.

Mfano mkubwa zaidi ni wa kampuni ya Demand Media. Yenyewe ilichunguza watu wanatafuta nini Google, kisha ikawalipa waandishi pesa kidogo waandike haraka haraka majibu ya maswali hayo, mengi yakiwekwa kwenye tovuti ya eHow. Januari 2011 iliingia soko la hisa, na thamani yake ikapita ile ya kampuni inayomiliki The New York Times. Mwezi uliofuata Google ikaanza badiliko lililoitwa Panda, lililolenga makala nyepesi za namna hiyo, na katika miezi iliyofuata eHow ikaporomoka. Maelfu ya makala yaliyoandikwa kwa ajili ya mlango mmoja hayakuwa na pa kwenda. Nani angemtumia rafiki yake makala ya eHow akimwambia hii lazima uisome?

Majirani

Wakati huo huo kulikuwa na mtaa mwingine, na huko ndiko wapenda vitabu walikohamia. Blogger ilifunguliwa mwaka 1999, na ghafla kuandika mtandaoni hakukuhitaji ufundi. Pembeni mwa kila blogu kulikuwa na orodha ya blogu rafiki. Orodha hiyo ilikuwa salamu. Ukimweka mtu pale, na yeye akiona wageni wanatokea kwako, anakuja kuchungulia. Akipenda, anakuweka na wewe.

Fasihi ilikuwa na mlangoni pake mzee mmoja aliyejua kuelekeza: Denis Dutton, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand. Mwaka 1998 alianzisha Arts & Letters Daily, ukurasa uliojaa maandishi madogo yaliyobanana kama gazeti la zamani. Kila siku aliongeza viungo vipya vya insha na mapitio ya vitabu, kila kimoja na sentensi chache za kuonjesha. Insha iliyokuwa imelala kwenye jarida dogo la chuo iliweza kuamka na wasomaji wa dunia nzima. Oktoba 2002 kampuni iliyokuwa inaumiliki ukurasa huo ilifilisika na ukazimika, lakini mwezi huo huo The Chronicle of Higher Education ikaununua ukarudi. Dutton alifariki Desemba 2010, ukurasa ukaendelea.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ninaoupenda ni wa Binyavanga Wainaina. Kazi iliyompa Tuzo ya Caine mwaka 2002, "Discovering Home", ilitoka kwanza mtandaoni, kwenye jarida la G21Net. Haikuanzia kwenye kitabu cha mchapishaji wa London wala Nairobi. Mwaka uliofuata ndipo lilipotoka toleo la kwanza la Kwani?, jarida alilolianzisha na wenzake, na mengine unayajua. Andiko lilitoka kwenye tovuti, likafika kwa majaji, likazaa jarida la karatasi. Milango ilikuwa inafunguliana.

Kwa Kiswahili, katikati ya muongo huo, Ndesanjo Macha alikuwa anaandika Jikomboe na kuwahimiza Watanzania wengine wafungue blogu kwa lugha yao. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alifungua blogu yake, ambayo wasomaji wake, aliowaita "wadau", waliigeuza kuwa baraza la Watanzania wa ndani na wa nje. Aliyekuwa ughaibuni alipita pale kusikia habari za nyumbani, na viungo vilivyokuwa pembeni vilimpeleka kwa wengine. Ndesanjo alikuja kuwa mhariri wa Global Voices, mradi ulioanza mwaka 2004 wa kukusanya na kutafsiri yanayoandikwa na wanablogu wa nchi mbalimbali. Kwa njia hiyo mtu wa Brazil au Misri aliweza kujua kwamba Dar es Salaam kuna mtu ameandika jambo.

Kulikuwa na kifaa kingine cha siri cha zama zile: mlisho wa RSS. Ulijiandikisha kwa blogu unazozipenda, makala mpya zikaja zenyewe sehemu moja, bila kuzunguka kugonga kila mlango. Wengi tulitumia Google Reader, iliyoanza mwaka 2005. Machi 2013 Google ikatangaza kuifunga, na tarehe 1 Julai mwaka huo ikafungwa. Kwa blogu ndogo lilikuwa pigo. Msomaji aliyekuwa anakuja kila wiki bila kukumbushwa alipotea, na hakuwa na ugomvi na wewe. Daraja tu ndilo lililovunjwa.

Kisa kimoja zaidi cha majirani, kwa kuwa jina lake ni letu. Aaron Bady, Mmarekani aliyekuwa akisomea fasihi ya Afrika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliiita blogu yake Zunguzungu. Mwishoni mwa 2010 aliandika insha ndefu ya kuchambua maandishi ya Julian Assange, magazeti makubwa yakaiunganisha, na wageni wakamjia kama nzige. Hakuanza kuandika kuhusu Assange kila siku ili mafuriko yasikauke. Mwaka uliofuata aliwaalika wanablogu wengine wasome kwa pamoja hadithi zilizoteuliwa kuwania Tuzo ya Caine, hadithi moja kila wiki, kila mtu aandike kwake na kuwaunganisha wenzake. Mwaka huo alishinda NoViolet Bulawayo kwa "Hitting Budapest". Wasomaji walikuja kidogo kidogo, kutoka blogu moja hadi nyingine. Ule ulikuwa mduara wa Sage Weil umefufuka, safari hii bila programu yoyote.

Mafuriko na bomba moja

Mafuriko yana historia yake. Slashdot, tovuti ya wapenda kompyuta iliyoanza mwaka 1997, ilikuwa ikikutaja tu, wageni wanaingia kwa wingi hadi seva yako inazimika. Mwenye ukurasa anatamani umaarufu miaka, siku unapokuja nyumba inaanguka kwa uzito. Digg iliyokuja mwaka 2004 iliwapa wasomaji kura za kupandisha habari, na kila mwenye tovuti akaweka kitufe chake. Agosti 2010 Digg ikabadilisha sura na taratibu zake kwa mkupuo, wasomaji wakakasirika, wengi wakahamia Reddit. Miaka miwili baadaye jina na tovuti viliuzwa kwa takriban dola laki tano.

Halafu ikaja Facebook. Upworthy ilianzishwa Machi 2012 kwa nia njema ya kueneza habari zenye maana. Ilijifunza kuandika vichwa vya kuahidi kwamba hutaamini kitakachofuata, na Novemba 2013 ikapata wageni zaidi ya milioni 80 kwa mwezi mmoja. Facebook ikarekebisha kanuni za kuamua nani aone nini. Miezi miwili baadaye wageni wa Upworthy walikuwa wamepungua karibu nusu.

Kilichoikuta LittleThings kilikuwa kikali zaidi. Ilikuwa tovuti ya habari za kupendeza na video, na wageni wake walitoka Facebook. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba watu waonyeshwe zaidi habari za ndugu na marafiki, na kurasa za kampuni zipunguzwe. Mkuu wa LittleThings alisema walipoteza robo tatu ya wageni waliokuwa wakiwapata bila kulipia. Kabla Februari haijaisha kampuni ilikuwa imefungwa, na wafanyakazi wapatao 100 wakakosa kazi. Ndani ya wiki chache tu! Makala zao hazikuwa zimeharibika ghafla. Bomba lilikuwa moja, na mwenye bomba alikuwa mwingine.

Kisa cha MetaFilter nimekihifadhi hadi hapa kwa sababu nacho kilianza hivyo hivyo, ila mwisho wake ni tofauti. Matt Haughey aliianzisha mwaka 1999, mahali pa watu kuonyeshana vitu vizuri walivyovikuta mtandaoni na kuvijadili. Ilikua, ikaajiri wasimamizi, ikaishi kwa matangazo yaliyotegemea wageni wa Google. Novemba 2012, siku moja tu, wageni kutoka Google walipungua kwa asilimia 40. Haikuwahi kujulikana vizuri tovuti hiyo ilikosa nini. Mapato yakashuka mwezi hadi mwezi, na Mei 2014 Haughey akaandika waziwazi kwamba hali ni mbaya na baadhi ya wasimamizi wanapunguzwa.

Wageni wa Google wasingeweza kumsikia, kwa kuwa walikuja kusoma jibu moja wakaondoka. Waliomsikia ni wale wa zamani, waliofika kwa kuambiwa na rafiki, waliolipa dola tano za kujiunga na kukaa miaka. Hao walianza kuchanga. Tovuti haikurudi ilivyokuwa, lakini haikufa. Milango miwili ilikuwa imeleta watu wa aina mbili, na tofauti yao haikuonekana hadi siku ya shida.

Barua kwa watu saba

Mwaka 2006 Maria Popova, msichana aliyetoka Bulgaria kwenda kusoma Marekani, alianza kuwatumia wenzake saba wa kazini barua pepe moja kila wiki, yenye mambo machache yaliyomvutia. Ikawa tovuti, Brain Pickings, ambayo tangu 2021 inaitwa The Marginalian. Humo anaandika kuhusu vitabu vya zamani, barua za waandishi, washairi na wanasayansi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye hifadhi yake ya kudumu ya tovuti, na yenyewe inaishi kwa michango ya wasomaji.

Popova alipitia zama zote nilizozitaja. Alikuwapo Google ilipobadilika, alikuwapo Google Reader ilipofungwa, alikuwapo Facebook ilipokaza bomba. Wageni wamemjia kutoka kote huko. Lakini barua ile ya kila wiki hakuiacha. Anwani ya barua pepe aliyopewa na msomaji ni ya msomaji na yeye, hakuna mtu wa katikati anayeamka asubuhi akaamua isifike. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tusidanganyane, barua pepe si dawa ya kila kitu. Kwetu wengi hatufungui barua pepe ila ya kazini au ya maombi ya chuo. Mlango wetu ni WhatsApp. Makala inanakiliwa, inatupwa kwenye grupu la familia, inahamia grupu la waliosoma pamoja, inafika Muscat na Minnesota kabla mwandishi hajala cha mchana. Mwaka 2012 Alexis Madrigal wa jarida la The Atlantic aliandika kuhusu wageni hawa ambao mashine haiwaoni: wanaofika kwa ujumbe wa mtu kwa mtu. Ndio wale ninaowakuta kwenye safu ya "moja kwa moja". Nilikuwa nawaona kama kasoro ya hesabu. Siku hizi nawaona kama wageni wa heshima, kwa kuwa kila mmoja wao kaletwa na mtu aliyemfikiria yeye.

Mlango mkubwa wa leo nao umeanza kurudishwa taratibu. Tangu Mei 2024, kwanza Marekani, Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba kutokana na kurasa za watu. Anayeuliza anapata jibu pale pale, hana haja ya kuja kwako. Waliokuwa wanaandika ili kujibu maswali mafupi wana kazi. Ila insha, hadithi na mapitio ya kitabu si jibu la swali. Hakuna anayeuliza "kuna nini kwenye blogu ya fulani" akaridhika na muhtasari wa mistari mitatu, kama vile hakuna anayeshiba kwa kusomewa menyu.

Kwa hiyo sisemi tuzibe milango. Google ilete, Facebook ilete, magazeti makubwa yakitutaja tushukuru. Ninachokipinga ni kuandika kwa kuelekea mlango mmoja, maana hata kabla haujafungwa unakuwa umeshakubadilisha. Waliomwandikia Google walianza kurudia maneno. Walioiandikia Facebook walianza kuandika vichwa vya kutekenya. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna kishawishi chetu: kuhamia Kiingereza, au kuandika habari za wasanii tu, kwa sababu ndiko wanakopita wengi.

Juzi nimeurudisha pembeni mwa ukurasa huu ule utaratibu wa zamani, orodha ya blogu nyingine za Kiswahili ninazozisoma. Baadhi hazijaandikwa kitu tangu mwaka juzi. Nimeziweka hivyo hivyo, mwenyewe akiona wageni wanatokea huku huenda akarudi. Na wewe kama una blogu, weka yako. Kama huna, makala ikikupendeza mtumie mtu mmoja unayemjua, umwambie na sababu. Tangu mwaka 1991 hakuna mlango uliowahi kudumu kuliko huo.